Nilisema Kozi Zote ni Sawa

Hapa Nyalenda, Kisumu, wengi wananiita mzamiaji. Leo naeleza kwa nini jina hilo sikulistahili, na kwa nini kijana mmoja aliyezama karibu na Dunga alilala majini usiku mmoja zaidi kwa sababu yangu. Nimekwisha kuyasema haya mbele ya chama chetu na mbele ya mama yake. Nayaandika ili wale waliochanga fedha za kunipeleka kozi bila kuhudhuria mikutano wayasikie kutoka kwangu, na ili vijana wa bichi nyingine za ziwa hili wasipite nilikopita. Najua wapo wanaopanga kufanya tulichofanya sisi.

Kosa lenyewe ni hili. Nilipewa kazi ya kulinganisha shule mbili za kuzamia huko Pwani. Nikalinganisha bei, nikalinganisha kadi, nikamwacha mwalimu. Kisha nilipoona kwamba sikufunzika, nikanyamaza na kujiita mjuzi.

Nyalenda imekaa kati ya mji na ziwa. Ukitoka Ring Road ukashika njia ya Dunga, haikuchukui muda kufika kwenye mafunjo na mashua. Wengi wetu riziki yetu ni maji kwa namna moja au nyingine: kuvua, kukaanga samaki, kutengeneza injini za boti, kubeba abiria wa bichi kwa bodaboda. Mashua ikipinduka, wanaotafuta ni wavuvi wenyewe. Wana nyavu, wana ndoana nzito za kuburuta chini, na wana wazee wanaojua upepo humpeleka wapi mtu aliyezama. Kwetu maiti haachwi majini. Jamaa hupiga kambi ufuoni mpaka apatikane, na mazishi hayapangwi kabla ya hapo.

Wazo la kuwa na mzamiaji wetu lilianza na msiba wa Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na binti yake, na nchi nzima ikasubiri hadi tarehe 11 Oktoba ndipo walipotolewa, kutoka kina cha mita 58. Halafu tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani pale Bukoba. Watu 24 walitoka hai na 19 wakafa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kwenye mkutano wetu mzee mmoja alisema wanamaji wako Mombasa na sisi tuko hapa. Ziwa likichukua mtu tutangoja mpaka lini? Tukachanga. Kina mama wa samaki walitoa, wa bodaboda walitoa, hata wasiojua kuogelea walitoa. Nikachaguliwa mimi kwa kuwa naogelea vizuri na nimemaliza kidato cha nne.

Nikaanza kuulizia, na nikabaki na shule mbili, zote za Pwani ya Kusini. Nikajisomea pia. Nikajua kwamba PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ilianzishwa Marekani mwaka 1966, na SSI, shirika jingine la aina hiyo, mwaka 1970, na kwamba shirikisho la kimataifa la CMAS liliundwa 1959 na rais wake wa kwanza akawa Jacques Cousteau. Nikajua kwamba kadi ya ngazi ya kwanza inafanana karibu kila mahali: nadharia, mazoezi ya bwawani, kisha mizamo minne baharini, na mwisho ruhusa ya kwenda hadi mita 18 ukiwa na mwenzako. Kuna hata kipimo cha kimataifa, ISO 24801, kinachosema mzamiaji wa ngazi hiyo awe anaweza nini. Yote hayo ni kweli. Nilichokosa kuelewa ni kwamba shirika huandika kitabu na kutoa kadi, lakini haliingii nawe majini. Anayeingia nawe ni mwalimu, na yeye ndiye anayeamua kama umeweza au hujaweza.

Shule ya kwanza ilinijibu kwa ujumbe mfupi: bei, siku tatu, karibu. Ya pili, mwalimu mwenyewe alinipigia simu. Alikuwa mama wa Kipwani, na hakuanza na bei.

"Watoka Kisumu? Waweza kuogelea mita 200 bila kusimama?"

"Naweza, mwalimu."

"Una pumu? Sikio limewahi kutoboka? Kifua chakusumbua?"

"Hapana."

"Na wataka kuzamia kwa nini?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo. "Ndugu yangu, nisikudanganye. Kozi hii ni ya kwenda kutazama samaki na matumbawe kwenye maji maangavu. Kutafuta maiti kwenye tope ni kazi nyingine, ina mafunzo yake na ina vifaa vyake. Mimi nitakupa msingi. Usipouweza, kadi sikupi. Utarudi bwawani mpaka uuweze."

Akaongeza kwamba hachukui wanafunzi zaidi ya wanne kwa mara moja, kwamba kozi yake ni siku tano, na kwamba baada ya mzamo wa mwisho lazima nilale Pwani usiku mmoja kabla ya kupanda basi. Jumla ilizidi ile ya kwanza kwa shilingi 15,000, mbali na malazi.

Maswali yake niliyapokea kama dharau. Kwenye mkutano nikasimama nikasema: "Kadi ni ile ile. Huyu mama anatuuzia siku ambazo hatuzihitaji." Nikapigiwa makofi kwa kuokoa fedha za chama. Ambalo sikulisema, na ambalo mpaka leo ndilo linaloniuma kuliko yote, ni lile neno lake kwamba kozi hiyo haitoshi kwa kazi tuliyoikusudia. Nilihofu kamati ingesitisha safari. Nilitaka kwenda.

Kule nilikokwenda tulikuwa wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja. Kwa mujibu wa PADI, wanane ndio upeo wa wanafunzi ambao mwalimu mmoja anaweza kuwachukua baharini bila msaidizi. Ni upeo, na anayejali huwapunguza maji yakiwa machafu au wanafunzi wakiwa waoga. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkarimu, anaijua bahari, na simsingizii ubaya wa moyo. Lakini alikuwa na vichwa vinane, boti inangoja, na maji yanakupwa.

Nieleze zoezi moja tu, maana ndilo lililoniangusha. Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja. Unapiga magoti chini ya bwawa, unaachia maji yaingie, kisha unainua uso kidogo, unakandamiza ukingo wa juu wa fremu kwa vidole, na kutoa pumzi kwa pua polepole mpaka maji yote yatokee kwa chini. Baadaye unaivua kabisa. Unakaa dakika nzima pua ikiwa wazi ndani ya maji, unapumua kwa mdomo tu, halafu unaivaa tena na kuikausha. Ugumu uko puani. Maji yakiigusa, mwili wote unataka kuvuta hewa kupitia hapo, na kuushinda mwili kunahitaji kurudia, tena na tena, mbele ya mtu asiye na haraka.

Mimi maji yalipofika nusu yaliniingia puani, nikasimama. Bwawa lilikuwa la kifuani, kwa hiyo kusimama kulitosha kunitoa majini. Mwalimu akanipiga begani: "Utaizoea baharini." Baharini tulipanga mstari tukiwa tumepiga magoti kwenye mchanga. Alipofika kwangu nilimtikisia kichwa. Akatazama kipimo chake cha hewa, akasogea kwa mwenzangu. Hakurudi.

Jioni ya mwisho tulikalishwa mezani na fomu zetu. Kila zoezi lilikuwa na alama, na yeye alikuwa amekwisha kutia sahihi. Niliusoma mstari wa kuvua miwani. Nilijua ni uongo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nami nikatia sahihi yangu chini ya yake. Ningeweza kusema, "Mwalimu, hili sijaliweza." Pengine angenirudisha bwawani kesho yake. Sikusema kwa sababu watu wa Nyalenda walikuwa wananingoja na kadi.

Usiku ule ule nikapanda basi. Nilikuwa nimetoka majini mchana, baada ya siku mbili za kuzamia. Ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 18 baada ya mizamo ya kurudiarudia kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa nitrojeni iliyoingia mwilini hutoka taratibu, na ukipanda juu mapema hugeuka mapovu kwenye viungo na mishipa. Ndege haina tofauti na mlima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita 2,000, na Mau Summit imepita 2,400. Mtu wa Kisumu anayezamia Pwani hupanda milima hiyo yote kabla ya kufika nyumbani. Mwalimu wa simu aliyafikiria hayo aliposikia tu natoka Kisumu. Yule aliyenifundisha hakuniuliza nitarudi vipi. Sikudhurika, lakini hilo halikutokana na elimu yangu.

Chama kilinunua vifaa vya mkono wa pili na mitungi miwili iliyojazwa hewa huko huko Pwani. Nikapigwa picha navyo. Nikakaa nikingoja, na moyoni nikiomba nisihitajike.

Siku ikafika. Upepo wa usiku ulikuwa umepindua mashua ya ndugu wawili waliokuwa wakivua. Mmoja aliogelea hadi kwenye mafunjo, mdogo wake hakuonekana. Nilipofika asubuhi wavuvi walikuwa wameanza kuburuta ndoana. Jaduong' mmoja, yaani mzee, akawazuia: "Ngojeni. Mzamiaji wetu amekuja. Ndoana zitamchana mtoto." Boti zikarudi. Mama wa kijana akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, niletee."

Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema ukweli bila kumgharimu mtu. Nikavaa mtungi.

Ghuba la Winam halina kina kirefu, na pale hapakuzidi mita sita. Lakini nilipofika mita mbili sikuuona mkono wangu mwenyewe. Sikuwa na kamba iliyofungwa kwa mtu wa juu, na leo najua kwamba wanaofanya kazi ya kutafuta hawashuki kwenye maji kama yale bila kamba hiyo. Nikapapasa tope. Wavu uliotelekezwa ukanigusa usoni, ukaisogeza miwani, maji yakaingia puani. Nikafanya nilichozoea kufanya bwawani: nikasimama. Hapakuwa na maji ya kifuani ya kusimamia. Nikapiga miguu kwenda juu kama mwehu, regulata, kifaa cha kupumulia, imenitoka mdomoni, nikipiga kelele ndani ya maji.

Kelele zile huenda ndizo zilizoniokoa. Mtu anayepumua hewa ya mtungi akipanda huku ameziba pumzi, hewa iliyo kifuani hutanuka, na mapafu yanaweza kupasuka hata akitokea kina cha mita moja na nusu. Ndiyo sababu kila kitabu cha kuzamia huanza na amri moja: usizuie pumzi kamwe. Nilikuwa nimeijibu sawasawa kwenye mtihani. Kule chini sikuikumbuka.

Nilitolewa damu ikinitoka puani. Wakaniuliza kuna nini. "Regulata imeharibika," nikasema.

Wakaniamini. Tulikuwa tumepoteza asubuhi nzima, na mchana upepo ukavuma kwa nguvu, boti hazikuweza kutoka tena. Familia ikalala ufuoni. Alfajiri wavuvi walitoka na ndoana zile zile na hawakuchukua muda kumpata. Alikuwa amekwisha kufa tangu mashua ilipopinduka, sikumuua mimi. Lakini usiku ule wa pili, mama yake aliulalia mchanga kwa sababu yangu.

Chama kikaituma regulata Pwani ikakaguliwe, kwa fedha za watu wale wale. Ikarudi na karatasi: haina hitilafu. Mweka hazina akaisoma mkutanoni na kuniangalia. Nikasema labda ulikuwa uchafu tu. Huo ukawa uongo wa pili, nao niliubeba kwa miezi.

Kilichonivunja ni kumwona kijana wa jirani akijiandaa kwenda kozi ile ile. Alikuja kuniuliza ipi bora, nami nikaanza kumwambia kwamba zote ni sawa. Sikuimaliza sentensi. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye chama nikaeleza tangu simu ya yule mama mpaka sahihi yangu. Hakuna aliyenipigia kelele. Mwenyekiti alisema niende kwa mama wa marehemu kabla sijalala, nikaenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Kwa nini hukusema asubuhi ile?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka sasa, isipokuwa kwamba niliona aibu. Nikamwambia hivyo. Akasema amesikia.

Baadaye, kwa fedha zangu, nilikwenda kwa yule mwalimu niliyemkataa. Siku ya kwanza hatukufanya kingine ila miwani. Alianza mwenyewe, polepole, nikimtazama kwa karibu. Kisha akanitaka nizamishe uso tu, bila miwani, nikipumua kwa bomba la mdomoni mpaka pua inyamaze. Kisha chini ya bwawa. Kisha, na hili ndilo sikuwahi kulifanya kabla, akanikataza kupiga magoti. Alitaka niivue na kuivaa nikiwa naelea katikati ya maji, bila kugusa chini wala kutoka juu. "Ziwani kwenu kuna sakafu ya kupigia magoti?" akauliza. Kitabu kilikuwa kile kile, zoezi lile lile, kadi ile ile. Mikononi mwake mimi yule yule nililiweza.

Akanieleza na jambo lingine nililopaswa kulijua tangu mwanzo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia yamepigwa kwa ajili ya bahari. Ukivuka mita 300 za mwinuko unahitaji hesabu nyingine. Nilikuwa nimepewa kadi ya kuzamia bila kuambiwa kwamba ziwa la nyumbani lina hesabu yake.

Kwa hiyo, kwa chama chochote cha ziwani kinachotaka kumpeleka mtu, ushauri wangu ni huu. Msianze na bei, wala msibishane kuhusu jina lililo kwenye kadi. Zungumzeni na mwalimu atakayeingia majini na mtu wenu. Muulizeni atakuwa na wanafunzi wangapi siku hiyo. Muulizeni humfanya nini mwanafunzi aliyeshindwa zoezi, na kama siku ya ziada hulipiwa. Mwambieni mnatoka wapi na mnataka kufanya kazi gani, kisha msikilize yeye anawauliza nini. Asiyeuliza kuhusu afya, kuogelea na safari ya kurudi, mwacheni, hata kama ana bei nzuri na maneno matamu. Mwalimu anayewaambia kwamba kozi yake haitoshi kwa kazi yenu amewapa ushauri wa bure wenye thamani kuliko kozi yenyewe.

Mjue pia kwamba kadi ya ngazi ya kwanza ni ya matembezi. Leseni ya bodaboda haikupi ruhusa ya kuendesha trela, na kadi hii haikupi ruhusa ya kuingia kwenye tope na nyavu kutafuta maiti. Kazi hiyo ina mafunzo yake, ya kikundi kizima, wa majini na wa kushika kamba juu. Chama chetu kimeweka vifaa vyetu kando mpaka tutakapopata mafunzo hayo, na serikali ya kaunti ndiyo tunayopaswa kuisukuma ituletee, kwa sababu mzigo huu ni mkubwa kuliko michango ya wauza samaki. Gharama ya kukagua regulata naendelea kuirejesha kidogo kidogo.

Na wewe uliyetumwa na watu wako, ukiwekewa fomu mezani na kuna mstari mmoja ambao unajua hukuuweza, rudisha kalamu. Watakungoja siku mbili zaidi, na hakuna atakayekulaumu. Usitie sahihi.